"Boor" na Kaburu

SWALI: Waingereza humwita mtu asiye na adabu "boor". Je, neno hili lina undugu na Kaburu?

JIBU: Ndiyo. Kiingereza kililipata karne ya 16, kutoka Kiholanzi "boer" na Kijerumani cha kaskazini. Mwanzoni lilimaanisha mkulima tu. Watu wa mjini ndio waliligeuza tusi, kama sisi tulivyolifanyia "mshamba". Walowezi wa Afrika Kusini walibaki kujiita Boer, nasi tukapata Kaburu.

Shina hilohilo limejificha ndani ya "neighbour", jirani: Kiingereza cha kale kilisema "neahgebur", yaani "neah", karibu, na "gebur", mkazi au mkulima.

Angalieni tahajia: "bore" ni mtu anayechosha, "boar" ni nguruwe dume. Wengi hukosea hapo.