Muulize Fundi: Paneli haitaki kurudi mahali pake

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kitu kimoja: plastiki za ndani ya gari zilizofunguliwa, zikagoma kurudi. Kufungua kila mtu anaweza. Kurudisha zikatulia kama zilivyotoka kiwandani ndiyo kazi yangu hapa Ilala kwa miaka 19 sasa, na ninaipenda. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Kioo cha mlango wa dereva kiligoma, nikafungua paneli mwenyewe nikabadilisha mashine ya kioo. Kioo kinapanda na kushuka vizuri, lakini paneli haikai. Nikibana chini, juu inaachia. Nikibana juu, kona ya chini inachomoza. Fundi wa mtaani kwetu anasema tupige skrubu nne kwenye kona, yaishe. Nimkubalie? (Msomaji, Mbezi)*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mashine ya kioo. Skrubu usikubali. Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilishazipiga.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mzee mmoja alileta teksi yake, paneli ya mlango wa nyuma inapiga kelele kila shimo. Nikachukua drili, nikapitisha skrubu ndefu kwenye kona ya chini, kimya kikapatikana. Siku ya tatu mzee akarudi: kila abiria akishusha kioo, fyuzi inakatika. Nilipofungua nikaikuta ncha ya skrubu imelala juu ya waya, imeuchubua ngozi mpaka shaba inaonekana. Niliunga ule waya, nikanunua fyuzi, kisha nikatafuta paneli nyingine ya mtumba kwa fedha yangu, maana ile niliyoitoboa haikuwa na dawa tena. Ndani ya mlango mna kioo kinachoshuka, reli zake, nyaya na vyuma vya loku. Hakuna nafasi ya skrubu ya kubahatisha.

Kuna sababu nyingine. Gari likishinda juani, plastiki hutanuka kuliko chuma, mara kadhaa zaidi. Geuza paneli yako uangalie pini za plastiki zilizo nyuma yake. Mara nyingi utakuta moja inaingia kwenye tundu la duara linaloitosha kabisa, na nyingine matundu yake yamerefuka kama yai. Waliounda gari waliacha nafasi ile ili paneli itanuke na kunywea bila kupinda. Ukiikaza kwa skrubu kona zote nne, mchana itabinuka katikati, na siku moja itapasuka kwenye skrubu.

Sasa tuje kwenye paneli yako. Nikiisoma barua yako naona ugonjwa ni mmoja kati ya hii miwili.

Wa kwanza ni klipsi, vile vibanio vya plastiki vinavyoishika paneli kwenye chuma, zilizobaki mlangoni. Ukivuta paneli, klipsi inatakiwa itoke nayo. Lakini ikishakaa miaka 20 inang'ang'ania chuma na kuchomoka kwenye kiota chake, kile kijisanduku cha plastiki kilicho nyuma ya paneli. Ukiirudisha, kiota kitupu kinakutana na kichwa cha klipsi, vinagongana, paneli inasimama nje kwa upana wa kidole. Watu hapo ndipo wanapoongeza nguvu, kiota kinavunjika. Chomoa klipsi zote zilizobaki kwenye chuma, hata zilizo nzima, uzivishe kwenye paneli kwanza. Kila klipsi ina shingo nyembamba. Iingizie upande mpana wa kiota, itelezeshe hadi mwisho. Ikikaa sawasawa itacheza kidogo, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Usiigandishe kwa gundi. Kucheza kule kunaisaidia kutafuta tundu lake.

Wa pili ni kuanzia chini. Paneli ya mlango inaning'inia kutoka juu. Ukingo wake wa juu, penye ufa wa kioo, una mdomo unaokaa juu ya chuma. Kwa hiyo kwanza pitisha soketi za swichi na waya wa kitasa cha ndani, na kama kuna kijiti cha loku kipitishe kwenye tundu lake. Washa swichi, pandisha na shusha kioo, vuta kitasa mlango ukiwa wazi. Vikifanya kazi, ndipo uweke mdomo wa juu, uushushe kwa viganja viwili hadi ukae mwanzo mpaka mwisho. Halafu piga kila penye klipsi kwa nyama ya kiganja. Usipige ngumi. Klipsi ikiingia kwenye tundu utaisikia mkononi kabla ya kuisikia sikioni. Isipolia, usipige mara ya pili. Vuta paneli uchungulie, huenda mguu umepinda. Skrubu za kiwandani, ile iliyojificha nyuma ya kitasa na zile za sehemu ya kuegemea mkono, ziwe za mwisho, na zikaze kwa mkono tu.

Klipsi ambayo mabega yake yamepauka meupe pale inapojikunja imekwisha. Nenda dukani na ya zamani mkononi, na upime tundu la mlango kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. Muuzaji akikuambia "hizi ni za Toyota" hajakuambia kitu, kwa sababu Toyota wana klipsi za kila namna. Ya tundu la milimita 8 haiingii kwenye la 7, na kwenye la 9 itaingia kirahisi na kutoka kirahisi vilevile. Nunua tatu za ziada, uziweke kwenye sanduku la dashibodi.

*Fundi, salaam kutoka Tanga. Mwezi wa nne nilipeleka gari kubadilishiwa spika za milango. Tangu hapo mvua ikinyesha kapeti ya abiria wa mbele inalowa, na asubuhi gari linanuka ukungu. Nimeambiwa mpira wa mlango umechoka. Nimenunua mpya, maji bado yanaingia. (Mwalimu wa sekondari)*

Pole sana mwalimu. Mpira hauna kosa, na nasikitika umetumia fedha bure.

Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, hata kwa gari jipya. Yanapita kati ya kioo na ule mpira unaokipangusa, yanateremka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vidogo vya ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye chuma, nyuma ya paneli, kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Aliyeweka spika aliichana ili mkono upite, akaona ni takataka, akafunga paneli. Hili kosa linaniuma kuliko mengine yote, maana halionekani, na mwenye gari anakuja kulijua miezi baadaye kapeti ikishaoza.

Lithibitishe hivi. Fungua paneli, iweke pembeni, funga mlango na ukae ndani. Mtu wa nje amwagie kioo maji kwa jagi, polepole, dakika mbili. Utayaona yanapojitokeza: kwenye mchano wa nailoni, au yanafuata waya wa spika hadi kapetini.

Nunua nailoni nene inayouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tandika ile ya zamani juu yake, ikate kwa kuifuatisha, ukiacha vidole viwili zaidi chini. Gundi nyeusi ya zamani ukiipasha kwa draya ya nywele hulainika ikashika tena. Palipokwisha, ongeza ya utepe. Ukingo wa chini wa nailoni uuingize ndani ya mlango, kwenye ufa wa chuma. Ukiuacha nje, tone linaloteremka juu ya nailoni litaishia ndani ya gari, na kazi yote itakuwa bure. Silikoni inayonuka kama siki usiitumie, ina asidi inayokula chuma, na nyie wa pwani kutu haihitaji msaada.

Kabla ya kufunga, zibua vile vitundu vya chini kwa njiti. Kisha inua kapeti. Chini yake kuna sponji, na sponji hiyo inashika maji wiki nyingi baada ya juu kukauka. Ianike juani mpaka ukiikamua isitoe tone.

*Habari Fundi. Nina Harrier ya 2014. Plastiki ya nguzo ya mbele, kando ya kioo kikubwa, ilifunguliwa gereji walipopitisha waya wa kamera. Ikawa inachomoka yenyewe. Nimerudi, wakaibandika kwa gundi na skrubu moja fupi. Imekaa imara. Ila kwenye plastiki hiyo pameandikwa SRS AIRBAG na moyo wangu hautulii. (Mama wa watoto watatu, Morogoro)*

Dada yangu, moyo wako umeona sawa. Naomba uifungue hiyo kabla ya safari nyingine ya mbali.

Maneno hayo yanamaanisha kuna eabegi ya pazia, yaani mfuko wa hewa wa kukinga kichwa ajalini, iliyokunjwa kwenye ukingo wa paa, kuanzia nguzo hiyo kurudi nyuma. Gari likigongwa ubavuni inajaa hewa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde na kushuka kama pazia kati ya kichwa na kioo. Ili ishuke, lazima isukume plastiki ya nguzo iachie. Ndiyo maana klipsi yake ya juu si kama za mlangoni. Nyingi zina mkia, kama kamba fupi ya plastiki: plastiki inafunguka, eabegi inapita, lakini ile plastiki inabaki imefungwa isiruke usoni kwa mtu. Sasa wewe umewekewa gundi inayoizuia kufunguka, na skrubu iliyokaa njiani. Skrubu hiyo inaweza kulichana pazia lenyewe.

Na waya wa kamera pia nauliza: umepita wapi? Ukipita mbele ya eabegi iliyokunjwa, utavutwa nayo. Unatakiwa upite nyuma yake, ufungwe kwenye kitita cha nyaya za gari.

Mpe fundi mwenye kujua eabegi, na umsimamie. Azime gari, atoe kichwa cha hasi cha betri, asubiri. Toyota wenyewe wanaandika sekunde 90 angalau. Mimi nangoja dakika tano, nakunywa maji. Soketi za manjano ni za eabegi, asizichokonoe kwa taa ya kupimia wala kwa mita. Plastiki iliyotobolewa au kuliwa na gundi ibadilishwe, na klipsi yenye mkia iwe mpya ya nguzo hiyo hiyo ya gari hilo hilo. Iliyokwisha kuvutwa mara moja usiirudishe. Na vishikio vya simu vya kubandika kwenye nguzo, viondoe vyote.

Miaka hii nimetoa skrubu kwenye nguzo za magari mengi, na karibu kila mwenye gari alikuwa hajui. Waliozipiga si watu wabaya, walitaka mteja aondoke na plastiki isiyocheza. Lakini palipoandikwa maneno hayo, plastiki isiyofunguka ni hatari.

*Fundi, kile kinguzo cha plastiki kinachoshika skrubu nyuma ya dashibodi kimekatika. Nimetumia supaglu mara nne, kinashika siku mbili kinaachia. Gundi gani nzuri? (Dereva wa Noah, Dodoma)*

Kaka, kabla ya gundi geuza kipande kile usome. Kati ya alama mbili zilizochongoka, > na <, kuna herufi zinazotaja aina ya plastiki. Ikiwa ABS, una bahati: kwangua unga wa plastiki hiyo hiyo kutoka ukingo usioonekana, uyeyushe kwenye asetoni kidogo hadi iwe uji mzito, paka pande zote mbili, bana, acha hadi kesho. Fanyia nje, mbali na moto na sigara.

Ikiwa PP, na nadhani ndiyo yako, supaglu haitaishika hata ukiipaka mara kumi. PP ina utelezi kama nta. Gundi inakauka juu yake na kubanduka kama ganda la kitunguu. Hiyo huunganishwa kwa moto. Tumia chuma cha kulehemea risasi, zamisha vipande vya wavu mwembamba wa chuma ndani ya plastiki kuzunguka ufa, halafu jazia juu kwa vijiti vya PP. Ukijazia ABS juu ya PP itatoka nzima mkononi.

Na ukirudisha skrubu kwenye kinguzo hicho, izungushe kwanza kinyumenyume mpaka uisikie inadondoka kidogo: "tk". Hapo meno yake yamekuta njia yao ya zamani. Kuanzia hapo ndipo ukaze, kwa vidole viwili.