Jina Lililotokea Kwenye Simu

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Riwaya za upelelezi za siku hizi zinakuteka au zinakuchosha, na kwa nini?" Mimi nina kibanda cha kuweka na kutoa fedha hapa Msamvu, Morogoro, jirani na stendi ya mabasi, na kati ya mteja na mteja huwa nasoma. Riwaya ya upelelezi inaivumilia kazi yangu: hata ukikatizwa mara kumi, bado unataka kujua nani kaua. Nimesoma za zamani, zile zenye majalada yaliyochanika ninazonunua kwa wauza vitabu vilivyotumika, na nimesoma mpya, ambazo nyingi huja kwa simu. Jibu langu ni kwamba mpya nyingi zinanichosha. Inaniuma kulisema, kwa sababu ndizo hadithi ninazozipenda kuliko zote, na kwa muda mrefu sikuweza hata kujieleza mwenyewe sababu.

Sababu niliiona mchana mmoja mwaka jana. Alikuja mzee, kofia mkononi, jasho linamtiririka mpaka shingoni, akanifungulia leso mbele ya dirisha. Ndani mlikuwa na laki mbili na themanini, nyingi noti za elfu mbili mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Niwekee hizi upesi kwenye namba hii."

Namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nikaiingiza, jina likatokea. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Unamtumia nani, baba?"

"Kijana wangu. Kapata ajali Dar. Daktari anataka hela ya upasuaji kabla ya saa nane."

"Umeongea naye mwenyewe?"

"Nimemsikia. Analia tu, anasema mzee nisaidie, mzee nisaidie."

Sijui ni nini kilichonifanya niulize lililofuata. "Huyo kijana wako, siku zote hukuita mzee?"

Alinyamaza. Nyuma yake wateja wawili walianza kunung'unika. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua: "Huyu nimempa jina la marehemu baba yangu. Tangu aanze kusema huniita mwanangu, na mimi namwita baba. Hajapata kuniita mzee."

Tukampigia mke wa yule kijana. Mumewe alikuwa mzima, yuko Kariakoo anashusha mizigo, simu imeisha chaji. Mzee alikaa kwenye benchi langu, akazihesabu zile noti mara mbili, akaomba maji ya kunywa.

Usiku ule nilimkumbuka Bwana Msa. Wasomaji vijana pengine hawamjui: ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, anayevuta kiko na kuwaza. Mzimu wa Watu wa Kale, kisa chake cha kwanza, kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kikatoka kitabu mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na watu wengi wako tayari kuwaachia mizimu kesi hiyo. Bwana Msa anakataa. Anauliza maswali madogo madogo, anasikiliza nani kasema nini na kwa neno gani, na anachokisikia yeye na sisi wasomaji tunakisikia. Ukifika mwisho ukarudi nyuma, unakuta vitu vilikuwa pale pale mbele ya macho yako. Neno "mzee" lilikuwa mbele ya macho ya yule baba tangu asubuhi. Aliyekosekana ni mtu wa kumwuliza.

Huo ndio utamu ninaoutafuta, na ndio ninaoukosa.

Msinielewe vibaya, sichukii bastola. Nimemsoma Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, na sijachoka naye. Lakini angalieni Kufa na Kupona ilitoka lini: mwaka 1974, na habari yake ni nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Msomaji wa Dar es Salaam wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa kwamba hatari hiyo ni ya kweli. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake mjini humo. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa humo humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Kwa hiyo Gamba alipokuwa akikimbizana na majasusi, alikuwa akikimbizana na kitu ambacho watu walikiogopa kweli barabarani kwao. Na miaka tisa kabla yake, Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo, mwaka 1965, wakati simu ilikuwa chombo cha ofisi na cha wachache. Leo simu iko mfukoni mwa kila mtu, na hofu imeingia humo.

Sisi tunaogopa nini sasa? Mimi nakaa dirishani, naweza kuwaambia. Tunaogopa meseji inayosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaogopa mtu anayepiga akisema mtoto kaanguka shuleni. Mteja ananiletea pesa ya ada, pesa ya mbolea, pesa ya msiba, na mimi naangalia uso wake kabla ya kubonyeza. Huo ni uhalifu wenye sauti, wenye hila, wenye watu wanaokaa mahali fulani wakijifunza namna ya kulia kama mtoto wako. Nikifungua riwaya mpya nakuta nini? Nyumba ya kifahari, magari meusi yanafukuzana, shirika la siri lenye makao Ulaya, na mpelelezi anayenunua laini mtaani, anapiga simu moja, anaivunja na kuitupa mtaroni. Mwandishi, wewe hukupanga foleni na sisi? Laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020, na watu walisimama juani kutwa nzima. Kama shujaa wako kapata laini isiyo na jina, basi hapo ndipo pana hadithi. Kaipata kwa nani? Kidole kilichoisajili ni cha nani? Unaliruka swali tamu kuliko yote ili uwahi kufyatua risasi.

Kuna sababu ya pili, na hii siwalaumu waandishi. Wengi hawana mchapishaji. Anaweka sehemu tano za kwanza bure kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, kisha anaandika: kupata yote, tuma elfu mbili. Najua, kwa sababu wasomaji wake huja kwangu kuweka hiyo elfu mbili, na mimi mwenyewe nimetuma mara nyingi, kwa moyo mweupe, maana mtu kakesha anaandika. Lakini biashara hiyo imeanza kuiendesha kalamu. Kila sehemu lazima iishie roho juu, kwa hiyo kila sehemu inaishia na mdomo wa bastola kisogoni. Sehemu inayofuata bastola inageuka kuwa ya rafiki. Mwandishi akianza sehemu ya kwanza hajajua bado muuaji ni nani, sasa dalili atazipanda wapi? Nilisoma moja mpaka sehemu ya thelathini na nane. Muuaji akatokea kuwa pacha wa marehemu, mtu ambaye hakutajwa hata siku moja. Nilirudi mwanzo kutafuta kama nilipitiwa. Sikuwa nimepitiwa. Nilijisikia kama nimeibiwa, na si ile elfu mbili, ni zile jioni zangu.

Na sisi wanawake mtatuandika hivyo hivyo mpaka lini? Anaingia mrembo, tunaambiwa miguu yake kabla ya jina lake, na kukipambazuka ama ni maiti ama ni msaliti. Mwandishi Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimpa mpelelezi wake Joram Kiango mwenzake anayeitwa Nuru, anayeingia naye hatarini, na wasomaji wakampenda. Nani kawaambia waandishi wa leo kwamba hatutaki mwingine?

Hata hivyo siwezi kusema zote ni mbaya. Mkimbizi ya Hussein Tuwa ilinifanya nifunge kibanda saa nne usiku badala ya saa mbili. Nilikuwa namwogopea mtu, moyo wangu uko kwake, na nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje nashtuka. Mwandishi anayeweza kunifanyia hivyo ana deni moja tu kwangu: anihesabie na dalili.

Sasa nirudi kwenye lile jina. Mzee alipoondoka, mimi kwanza nilimlaani yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea kwenye simu yangu. Mwizi, nikasema, tena mwanamke mwenzangu. Jumapili yake akaja mama yangu mdogo kutoka Mvomero. Nikambonyezea *106# ili tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa tatu. Yeye anamiliki moja. Akakumbuka kijana aliyekaa chini ya mwamvuli siku ya gulio, mpole sana, aliyekuwa akimwambia, "Rudia tena mama, kidole hakijashika." Akarudia. Akarudia tena.

Tangu siku hiyo sina hakika tena kuhusu yule mwanamke. Na ndiye ninayetaka kumfuata kwenye riwaya. Polisi wanagonga alfajiri kwa mama anayekaanga vitumbua. Jina ni lake, kidole ni chake, kitambulisho ni chake, na mafuta yake bado yako jikoni yanachemka. Anajua hajaiba. Hajui namna ya kulithibitisha hilo. Nani alikuwa kwenye foleni siku ile ya gulio? Yule kijana wa mwamvuli alikuwa akimuuzia nani laini? Wakala aliyetoa fedha hizo, mtu kama mimi, aliandika nini kwenye daftari lake, na aliona uso gani dirishani? Hapo hakuna gari linalofukuzwa, na mimi nisingelala.

Kile kipande cha boksi mzee alikiacha mezani kwangu. Bado ninacho. Nimekiweka ndani ya Mzimu wa Watu wa Kale, pale nilipofikia kukisoma kwa mara ya tatu.

Wakala wa Msamvu,
Morogoro