Gari la kifahari la zamani: usilipie ramani, lakini usiing'oe redio

Kwenye yadi za Nakuru, gari likiwa Mercedes C200 ya 2010 au BMW 320i ya rika hilo, dalali huanza na skrini. Atazungusha kitufe cha katikati, ramani yenye rangi itajitokeza, na bei itapanda papo hapo. Ramani hiyo ni ya Japani au ya Uingereza. Haina Nakuru wala Kisumu, na katika magari mengi haitawahi kuwa nazo. Iondoe kwenye hesabu ya bei. Kisha itumie skrini hiyo hiyo kulipima gari, kwa sababu redio ya gari la namna hii ndiyo inayoonyesha mapema kama umeme wake umeguswa vibaya.

Na umeguswa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo gari la 2010 kwa kawaida liliingia kufikia 2017. Limekaa hapa miaka, limepita mikononi mwa mwenye gari mmoja, wawili au watatu, na kila mmoja alikuwa na fundi wake. Kabla ya lolote, tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe namba ya chasi na ile iliyogongwa kwenye bodi. Hilo halina mjadala.

Ujue kwanza gari lilitoka wapi. La Uingereza redio yake inashika FM yetu bila shida na menyu ni ya Kiingereza, lakini dashibodi inahesabu maili. Ukiambiwa limetembea 80,000, uliza 80,000 za nini: maili 80,000 ni karibu kilomita 128,700.

La Japani lina mambo zaidi. FM ya huko ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, yetu ni 87.5 hadi 108, ndiyo maana redio inashika stesheni mbili tatu tu za chini. Kwenye Toyota na Lexus dawa ni ekspanda, kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kulishwa volti 12. Soma namba yake kabla ya kununua. Ekspanda ya megahezi 16 inaleta stesheni za 92 hadi 106 ndani ya 76 hadi 90, kwa hiyo kama stesheni unayoipenda iko 107, utaendelea kuikosa. BMW na Mercedes nyingi hazihitaji ekspanda; fundi mwenye kompyuta inayofaa hubadilisha eneo la redio, na mara nyingi lugha pia. Televisheni ya ndani isahau kabisa, kwani Japani hutumia mfumo wa ISDB-T na sisi DVB-T2.

Yule mama wa Kijapani anayezungumza kila unapowasha gari analalamika kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara za huko, haijaingizwa. Kifaa chake kiko kwenye droo ya abiria, chini ya usukani, au ndani ya kioo cha katikati kwenye BMW nyingi. Kichomolewe plagi, atanyamaza. Saa nayo inafuata setilaiti na kubaki ya Japani, saa sita mbele yetu. Hiyo wengine hawaibadilishi: ikiwa ya mtindo wa saa 12, asubuhi ya saa moja Nakuru inaandika 1:00, na saa nne inaandika 4:00. Kwa bahati tu, gari la Kijapani linasoma saa za Kiswahili.

Tarehe ikiwa imerudi nyuma zaidi ya miaka 19, usikubali kuuziwa betri kwa sababu hiyo. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha unaanza upya, na ulianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani vikachanganyikiwa, vingine papo hapo na vingine baadaye. Honda nyingi za katikati ya miaka ya 2000 zilirudi 2002 ilipoingia Januari 2022.

Kupima pale yadini

Weka umeme bila kuwasha injini, usubiri. Skrini inapaswa kuamka mara moja na kutulia. Ikizima na kuanza tena mara mbili au tatu, ama betri imechoka ama redio yenyewe inakufa. Washa injini ili volti zifike 13.8 hadi 14.5, ujaribu tena. Ikiendelea kujizima na volti ziko sawa, hesabu bei ya redio kwenye maelewano yako.

Zima feni ya AC usikilize. BMW zenye mfumo wa skrini uitwao CIC, kuanzia 2008 hivi, na Mercedes zenye mfumo wa COMAND wa kizazi cha NTG 4 au 4.5 zina diski inayozunguka ndani. Ikitoa mlio wa tik, tik, tik na ramani au muziki uliohifadhiwa ukakataa kufunguka, diski imekaribia mwisho. Barabara za changarawe hazikuisaidia. Diski inayosomeka bado inaweza kunakiliwa kwenye mpya. Ikishakufa, kilichokuwemo kimekwenda nayo.

Ingia kwenye ukurasa wa hali ya GPS. Hapa wengi hukosea wakidhani ramani ikiwa ya Japani basi GPS haifanyi kazi. Setilaiti ni zile zile. Ukiwa Nakuru unapaswa kuona latitudo chini ya nusu digrii kusini na longitudo kama 36 mashariki. Ukiwa Kisumu, longitudo ni 34 na robo tatu. Isipoona setilaiti hata moja ukiwa uwanjani pasipo paa, shuku antena ya juu ya paa. Mpira wake hukauka kwa jua, maji ya mvua yanaingia, viunganishi vinashika kutu.

Sasa cheza muziki na uusikilize kila kona. Skrini ikifanya kazi vizuri lakini spika zote zikawa kimya, tatizo mara nyingi liko kwenye amplifaya au kwenye nyaya za faiba. Magari haya huunganisha redio, amplifaya, simu na vinginevyo kwa duara moja la faiba liitwalo MOST, ambapo mwanga hupita kutoka kifaa kimoja hadi kingine na kurudi. Kimoja kikifa, duara zima linakatika. Fungua buti, inua zulia, uangalie shimo la spea na pembeni ambako vifaa hivi hukaa. Ukikuta maji, alama ya matope au harufu ya uvundo, ondoka. BMW 5 ya estate, ile E61, inajulikana kwa hili: mifereji ya paa la kioo huziba na maji kushukia kwenye vifaa vya nyuma.

Baada ya hapo nenda barabarani. Ukiwa Nakuru panda nalo kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, joto la injini uliangalie muda wote. Pesa uliyokataa kulipia ramani ina kazi nyingine: cheni ya muda (timing chain) kwenye injini ya Mercedes ya M271, hasa ikitoa mkwaruzo sekunde za kwanza asubuhi, moshi wa buluu kwenye BMW ya N46 baada ya kusimama kwa muda injini ikinguruma, mifuko ya hewa inayobeba bodi ya Range Rover au S-Class iliyolala upande mmoja usiku.

Toyota na ile kadi ya SD

Crown, Mark X, Harrier na Prado za Japani zina mtego wao. Redio nyingi hubeba ramani kwenye kadi ya SD. Muuzaji au fundi akiitoa, au betri ikichomolewa kadi ikiwa haipo, skrini inafungwa na kudai kadi yake kwa Kijapani. Hakuna redio, hakuna Bluetooth, hakuna kamera. Kwa hiyo kabla ya kulipa, bonyeza ufungue uso wa skrini uone kadi ipo. Ikiwepo, inakili kwenye kompyuta na uiache hapo hapo ilipo. Siku ya kubadilisha betri, mwambie fundi ashikilie umeme kwa betri ya pili na nyaya za kuwashia, chanya na hasi zisikatike hata sekunde. Redio iliyokwisha kufungwa hufunguliwa kwa msimbo unaotokana na namba inayoonekana kwenye skrini yenyewe. Lipa baada ya kuiona imefunguka.

"Nitakuwekea ramani ya Kenya"

Utaambiwa hivyo. Sharti lako liwe moja: aandike Ahero, Kapsabet na Mau Summit, na gari lipange njia mbele yako kabla pesa hazijatoka. Kwenye BMW ramani hufunguliwa kwa msimbo uliofungwa kwenye namba ya chasi ya gari lako, hivyo msimbo wa gari la rafiki hausaidii. Kazi yoyote ya kubadilisha programu ifanywe gari likiwa limeunganishwa kwenye chaja thabiti. Volti zikianguka katikati ya kazi, kifaa kinaweza kugeuka tofali, yaani kufa kabisa.

Hata ikikubali, ramani ya mwaka 2012 haina daraja la juu la Kondele, Kisumu. Kwa wengi simu inatosha. Pakua ramani ya eneo zima kutoka Nakuru hadi Busia ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao hukatika katika baadhi ya sehemu za msitu wa Mau. Shikizi la simu liweke kwenye tundu la AC. Juu ya dashibodi, jua la Kisumu huipasha simu inayochaji hadi ijizime. Na chaji itoke kwenye soketi ya kiberiti. USB ya gari la 2010 hutoa takriban nusu ampea, na simu yenye ramani hula zaidi ya hapo. Angalizo kwa gari la chini: simu hupenda njia fupi, na njia fupi katika uwanda wa Kano ni udongo mweusi unaoteleza baada ya mvua. Baki kwenye lami hata ikiongeza dakika ishirini.

Ukitaka skrini kubwa ya Android, kanuni ni kuongeza, si kubadilisha. Redio ya awali ibaki mahali pake. Iko ndani ya duara la faiba, na ndiyo inayobeba mipangilio ya gari, vihisi vya kuegesha na sauti. Kwenye Crown na Lexus nyingi hata vitufe vya AC viko ndani ya skrini, ukiing'oa unabaki na joto lako. Kwa BMW, hesabu pini za plagi ya picha kabla ya kuagiza: mfumo wa CCC, uliotangulia CIC, una 10, CIC una 4, na NBT, uliofuata, una 6. Sauti ya Android hupitia AUX, tundu la kuingizia sauti ya nje, kwa hiyo hakikisha gari linayo. Faiba isikunjwe kona kali. Mviringo usipungue nusukipenyo cha milimita 25, la sivyo mwanga haupiti.

Kinachoua magari baada ya kazi hii ni waya wa njano wa skrini mpya. Huo ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo. Fundi mwenye haraka huunganisha nyaya zote mbili kwenye umeme wa kudumu na skrini hailali kamwe. Pima mwenyewe kwa mita ya kubana waya inayosoma umeme wa DC, kwa sababu hiyo haikulazimishi kuchomoa betri. Fungua boneti na ufunge kufuli lake kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, funga milango, peleka ufunguo mbali, usubiri dakika 30 hadi 60. Mita isome chini ya miliampea 50. Ikisoma 300, betri ya ampea-saa 80 inapoteza 7.2 kila siku, na ukiliacha gari siku tano ukaenda Nairobi kwa matatu, huenda ukarudi ulikute haliwaki. Masharti ya salio la fundi yawe hayo: namba kwenye mita kwanza, pesa baadaye.