Tetris ilitoka Moscow, si Japani

La kaka, umesema Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka, ulibuniwa na Nintendo, kampuni ya Japani; si wao walioubuni. Ni kazi ya Alexey Pajitnov, Moscow, mwaka 1984, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza hata kuchora picha. Matofali aliyaunda kwa alama za mabano. Nintendo waliitia kwenye Game Boy, kigemu chao cha mkononi, mwaka 1989, ndipo ikatapakaa duniani.

Ila vile vigemu tulivyonunua Mwembe Tayari, Mombasa, vimeandikwa 9999 usoni, eti idadi ya michezo, si Game Boy. Ni vya kuiga, vya bei nafuu. Nimevitengeneza sana: michezo yenyewe ni michache, nyoka, magari, vifaru, matofali, hiyo 9999 ni kuhesabu kila kasi na kila kiwango kama mchezo mpya. Lakini raha ya kile kipande kirefu kufuta safu nne kwa mpigo ni ileile, wallahi.