Nepi za kitambaa zimekakamaa, mtoto ana vipele

Pole, mama mwenzangu. Unasema unazifua kwa jiki na sabuni ya unga nyingi, na bado nepi zimekakamaa na makalio ya mtoto yana vipele. Mimi naishuku hiyo sabuni. Chukua nepi moja uliyokwisha kuifua, itumbukize kwenye beseni la maji masafi, uifikiche. Maji yakitoa povu, basi sabuni imebaki ndani, na mkojo ukiilowesha ndiyo inayomwasha mtoto.

Punguza sabuni, kisha suuza mara tatu au zaidi, mpaka maji yatoke maangavu bila povu. Jiki acha kabisa. Inakula pamba na kuchoma ngozi. Dawa ya kulainisha nguo nayo huziba kitambaa kisinyonye.

Kinyesi kikung'ute chooni kwanza, halafu loweka kwa maji baridi. Maji ya moto mwanzoni hugandisha doa. Doa la manjano likibaki, anika nepi ingali mbichi kwenye jua kali, jua hulififisha.

Usianike chini wala kivulini. Huku kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake wakaingia kwenye ngozi ya mtoto. Kwa hiyo piga pasi ya moto pande zote mbili, hadi kwenye mapindo. Zile chupi za plastiki usizipige pasi.

Vipele vikitoa majimaji au usaha, mpeleke kliniki leo leo, tafadhali.