Uliza Fundi: Simu Isiyo na Mtu wa Kati

Tangu nilipoigusia Jami ukurasani humu, barua zake zimezidi hata zile za betri zilizovimba, na hilo si jambo dogo. Kwa aliyechelewa: Jami ni programu huru ya kupigiana simu, kuonana kwa video na kuandikiana. Ni ya bure, haina matangazo, haikuombi namba ya simu wala barua pepe. Watengenezaji wake ni Savoir-faire Linux wa Montreal, Kanada. Zamani ikiitwa Ring. Mwishoni mwa 2018 wakaibadilisha jina, na wenyewe wanasema wamelitoa kwenye neno letu, jamii. Ukiitafuta usiandike i mbili, utaletewa mengine kabisa.

*Mwanangu fundi, mimi ni mama wa duka hapa Pangani. Kijana wangu anasoma Montreal, ndiye aliyeniwekea hiyo Jami alipokuja likizo. Nikimwandikia asubuhi, ujumbe haufiki mpaka usiku, siku nyingine mpaka kesho yake. WhatsApp haikuwa hivi. Simu yangu mbovu, au mtoto ananikwepa?*

Shikamoo mama. Simu ni nzima na mtoto hakukwepi. Mnapishana tu.

Kwenye WhatsApp, mwenzako akiwa amezima simu, ujumbe wako unalala kwenye seva za kampuni ukimngoja. Jami haina stoo hiyo. Ujumbe unatoka kwenye simu yako unaingia kwenye yake, kwa hiyo lazima zote mbili ziwe hewani. Sasa tazama saa zenu. Kule kukiwa baridi, saa mbili asubuhi ya Pangani ni saa sita usiku ya Montreal. Wewe unafungua duka, unawasha data, unaandika, kisha (nawajua wateja wangu) unazima data kuokoa bando. Yeye kazima simu kalala. Anaamka saa moja, kwako ni saa tisa alasiri, na data yako imezimwa tangu asubuhi. Mtakutana vipi?

Dawa ipo, na ndiyo ninayoipenda kuliko yote waliyoongeza. Toleo waliloliita Taranis lilileta mazungumzo ya makundi ya namna mpya, wao wanayafananisha na kundi la nyuki. Kila mazungumzo ni kama daftari, na kila aliyemo ana nakala yake nzima. Ndani kabisa wametumia Git, chombo kilekile ambacho waandishi wa programu hutunzia kazi zao. Simu mbili za wanakundi zikikutana hewani, zinalinganisha madaftari, na yenye kurasa pungufu inanakili kutoka kwa mwenzake. Haijalishi nani aliandika ukurasa gani.

Basi unda kundi la watu watatu. Una binti au mkwe ambaye simu yake haizimwi? Mtie. Ukiandika saa mbili asubuhi, simu ya binti inachukua nakala hapohapo. Mwanao akiamka, simu yake inavuta kutoka kwa dada yake, na wakati huo wewe umeshafunga data unapima sukari. Shida ni moja: binti atasoma kila kitu. Kama unataka maneno yabaki baina yako na kijana, mwambie aiunganishe akaunti yake na laptopu ya chumbani kwake na aiache ikiwa imewashwa. Akaunti moja inakaa kwenye vifaa zaidi ya kimoja, na laptopu itapokea wakati simu imelala.

*Nilimwandikia mtu maneno ya hasira kwenye Jami, kisha nikayafuta. Yamefutika kweli? Mombasa.*

Machoni, ndiyo. Siku hizi unaweza kuhariri ujumbe, kuufuta, hata kuujibu kwa kikaragosi. Lakini kumbuka lile daftari. Ukurasa ulioandikwa hauchanwi. Ukifuta, kinachoongezwa ni ukurasa mpya unaosema ule wa nyuma usionyeshwe. Na kama aliusoma kabla hujafuta, hakuna programu ya kumfuta kichwani. Mpigie umwombe radhi, simu ni ya bure.

*Fundi, nimeibiwa simu Kariakoo. Nimenunua nyingine, nimeweka Jami, naandika jina langu na nywila, inagoma. Wahusika nawapata wapi?*

Pole sana. Hakuna wahusika wa kuwapata, na hapa nazungumza kwa uchungu wa yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye kivuko cha Pangani naelekea Bweni kutazama sola ya rafiki yangu. Simu nimeitia mfuko wa shati. Kandambili ikakatika, nikainama, nikasikia *chubwi*. Abiria mmoja akaniuliza kama ilikuwa na chaji.

Nilikuwa nimesajili jina langu la utani la tangu shule ya msingi. Nikarudi Tanga, nikanunua simu nyingine, nikafanya kama ulivyofanya wewe, ikagoma vilevile. Jami haina ofisi yenye orodha ya akaunti na nywila. Akaunti yako ni ufunguo, ufunguo huo ulitengenezwa ndani ya simu yako, na haukuwahi kutoka humo. Jina ni kibandiko tu kinachoelekeza kwenye ufunguo, nacho kimeandikwa kwenye blokicheni ya mtindo wa Ethereum, yaani orodha ya pamoja isiyofutika, hakibanduliki. Jina langu lipo mpaka leo, ni langu, na hakuna anayeweza kulitumia, nikiwemo mimi. Sasa natumia lilelile lenye 2 mwishoni. Kuna mteja mmoja bado analialika lile la zamani, halafu analalamika mtaani kwamba fundi siku hizi ana maringo.

Kwa hiyo fungua akaunti mpya, na safari hii usiwe mimi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta mahali pa kuhifadhi nakala, itakupa faili moja dogo. Liweke kwenye flashi, ukaifiche nyumbani. Wateja wangu wawili wamelihifadhi kwenye simu ileile, sijui walifikiri nini. Ndani ya faili hilo mna ufunguo na orodha ya watu wako. Mazungumzo yenyewe hayamo, lakini yatarudi kutoka kwa wenzako, maana madaftari wanayo. Ukilifunga kwa nywila kisha ukaisahau nywila, faili limekuwa jiwe.

Na ungekuwa na kifaa cha pili chenye akaunti ileile, ungeiondoa simu iliyoibwa kutoka hukohuko. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka yatosha kwa kazi hiyo, usiiuze kwa bei ya mihogo.

*Je, ninayezungumza naye kwenye Jami anaweza kujua nilipo? Dodoma.*

Maneno yamefungwa kwa msimbo kuanzia kwako hadi kwake, aliye njiani hayasomi. Anwani ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, ni jambo jingine. Kwa kuwa simu zinaunganishwa moja kwa moja, mwenzako anaweza kuiona ya kwako, nayo humwonyesha kampuni ya mtandao wako na pengine mji. Nyumba haionyeshi. Mtu usiyemwamini kiasi hicho, usikubali mwaliko wake. Jami inakuuliza kwanza kabla ya kumruhusu mgeni, na kitufe cha kukataa hakina gharama.

*Mimi niko Jinja. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Kama haina seva ya kati, Jami ingetufaa?*

Swali lako lilinitoa usingizini, nikafanya jaribio. Kutoka Jinja hadi Kampala, hapana. Simu hata zikizungumza bila mtu wa kati, zinahitaji barabara ya kupitia, na barabara ndiyo iliyofungwa. Kwa watu wenu wa mbali, jibu ni hilo.

Lakini walio kwenye waifai moja, inafaa. Nilichomoa waya wa intaneti kwenye rauta ya dukani hapa Ngamiani, rauta ikabaki inawaka bila pa kwenda. Jaribio la kwanza likafeli. Kumbe kwenye mipangilio ya akaunti kuna kipengele cha kuwatafuta waliomo kwenye mtandao wa karibu, na sikuwa nimekiwasha. Kukiwasha kwenye simu zote mbili, ya kwangu na ya kijana ninayemfundisha kazi, jina lake likatokea, nikampigia, akapokea. Hakuna hata senti ya bando iliyotumika.

Kwa hali ya kuzimiwa kabisa ningekushauri uwe pia na Briar, ya Android. Hiyo tangu mwanzo ilikusudiwa siku mbaya: intaneti ikiwepo inapita kwenye Tor, mtandao unaoficha nani anazungumza na nani, isipokuwepo inatumia waifai au bluetooth. Haifanyi video, ni maandishi tu na picha. Wana kipengele cha kumgawia jirani programu yenyewe bila intaneti, simu yako inampa yake faili la kusakinisha. Ila bluetooth ni ya kuvuka chumba au uwanja, mto haivuki.

Turudi kwenye jaribio langu la rauta: nilimwambia kijana aendelee kuzungumza nami huku akitembea kutoka nje, ahesabu hatua kwa sauti. Alipita kwa fundi cherehani, akapita kwenye kijiwe cha kahawa. Hatua ya thelathini na nane sauti ikaanza kukwaruza, ya arobaini na moja ikakatika. Alipokuwa amefika ni pale kwa muuza mihogo, na alirudi baada ya nusu saa.