Nitapataje kikundi cha kunisaidia kuacha pombe?

SWALI: Mshauri, nina miaka 43 na nakunywa kila siku. Nimejaribu kuacha peke yangu nikashindwa. Nasikia kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Nitakipataje kilicho karibu, na nikifika nitalazimishwa kusimama nijieleze? Mimi si mtu wa dini sana, na naogopa kukutana na mtu anayenifahamu. Siku hizi asubuhi mikono hunitetemeka mpaka nizimue. Mke wangu naye amechoka.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hiyo mikono, maana ndiyo yenye haraka. Kutetemeka mpaka uzimue kunaonyesha kwamba mwili umeshaizoea pombe, na ukiinyima ghafla utalipiza. Jasho, wasiwasi na kukosa usingizi huanza saa 6 hadi 24 tangu unywe mara ya mwisho. Degedege, kwa anayeipata, huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo usiache kwa mkupuo ukiwa peke yako nyumbani. Mwone daktari kwanza, umweleze bila kupunguza unakunywa kiasi gani. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo chache, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa. Kikundi hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

Lakini usisubiri umalize matibabu ndipo ukitafute. Hata kama bado unakunywa unaweza kwenda, ilimradi ukae kwa utulivu.

Vinavyopatikana sehemu nyingi zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, vilivyoanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili waliokuwa walevi: dalali wa hisa Bill Wilson na daktari Bob Smith. Tovuti ya AA hukuelekeza kwa ofisi za nchi mbalimbali. Waulize pia wahudumu wa kliniki ya afya ya akili, kwa kuwa mara nyingi wanajua mikutano ambayo haina hata kibao mlangoni. Ukipata namba, piga kabla ya kwenda. Ratiba huchakaa, na kukuta mlango umefungwa siku uliyojikaza kwenda kunakatisha tamaa vibaya. Uliza kama mkutano bado upo, unaendeshwa kwa lugha gani, na ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi huingia yeyote. Wa ndani ni wa wenye nia ya kuacha pombe. Nia hiyo unayo, kwa hiyo kote unaingia. Pasipo na kikundi karibu, ipo mikutano ya mtandaoni.

Ukifika utakuta viti, pengine chai, na mtu anayeongoza. Husomwa maneno machache, kisha mmoja mmoja anazungumza na hakuna anayemkatiza wala kumjibu. Zamu ikikufikia, sema tu: "Naitwa fulani, leo nasikiliza." Inatosha, na hakuna atakayekushurutisha. Utatumia jina lako la kwanza na hakuna ada. Kikapu kikipitishwa kwa ajili ya chumba na chai, mgeni halazimiki kutoa.

Ukimkuta unayemfahamu, kumbuka naye amefuata jambo lile lile. Kutunziana siri ni msingi wa vikundi hivi, ila ni ahadi tu, haina nguvu ya sheria. Mambo yanayoweza kukufikisha mahakamani au kukufukuzisha kazi yaache kwa mshauri wa ana kwa ana.

Kuhusu dini, hatua 12 za AA, yaani mwongozo ambao wanachama huufuata ili kuacha pombe, zinamtaja Mungu, "kadiri tulivyomwelewa," na wasioamini huhudhuria. Ikikukwaza, tafuta SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, inayofundisha mbinu za kisaikolojia za kukabili kiu ya pombe. Mimi bado nakushauri uionje AA kabla ya kuikataa. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27, yaliona kwamba programu za kumwingiza mtu AA huwasaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine zinazotambulika, au hata zaidi.

Usikipime kikundi kwa siku moja. Nenda mara tano au sita, na ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, kwani kila kimoja kina tabia yake. Kinachonipa imani ni kuona waliokaa miaka bila pombe wameketi na wenye siku mbili, na wageni wakipewa namba za simu mkutano ukiisha. Zichukue hizo namba. Kiu ikikushika usiku, unapiga kabla ya kunywa. Baadaye utamwomba mzoefu mmoja, mwanamume mwenzako, awe mlezi wako. Ondoka mahali unapodaiwa pesa, au mtu anapokuambia uache dawa za daktari.

Mkeo naye ana pa kwenda: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia na marafiki wa walevi. Anaweza kuanza wiki hii, hata kabla yako.